Hewa ya Shati Moja

Januari 6, jangwani Quartzsite

Naandika haya kwa faida ya watakaokuja baada yangu, maana siku mimi Delbert Stroud nikifumba macho, nusu ya Wamarekani wenye nyumba za magurudumu watabaki wamesimama njia panda wakiulizana, kulia au kushoto. Ni mimi ninayewaambia pa kwenda. Serikali ina watu wake wa hali ya hewa, wana mitambo na mishahara, lakini mwaka juzi mmoja wao alikuja hapa kwenye trela langu na soda mbili baridi, akaniuliza joto litaanza lini. Nikamwambia. Akaandika.

Kazi yenyewe ni kufuata hewa ya shati moja mwaka mzima, yaani hewa ambayo mtu akivaa shati moja hatetemeki wala halowi jasho. Wakati wa baridi iko hapa, jangwa la Arizona. Joto likiingia, inahama, na sisi tunahama nayo. Imehamia wapi, hapo ndipo watu wanapohitaji goti langu la kushoto. Niliumia nikiwa Amarillo, siku ule upepo ulipopuliza mpaka barabara ikahamia kaunti ya pili nasi tukiwa juu yake. Tangu siku hiyo goti linanipa habari kabla ya redio.

Shule niliacha darasa la tisa. Walikuwa wameishiwa vya kunifundisha.

Januari 7

Mpwa wangu Marlee amefika leo kutoka Oklahoma, akivuta trela dogo la zamani linalofanana na mkebe wa biskuti. Ni mtoto wa marehemu dada yangu Loretta, na mimi ndiye mjomba wake pekee. Mumewe alimwacha Novemba, na tumbo ndilo hilo linaanza kuonekana. Mtoto anatarajiwa katikati ya Juni. Nilimwambia kwenye simu: uza vitu, njoo, nifuate mimi, mtoto wako atazaliwa kwenye hewa ya shati moja. Akauza, akaja.

Alisimama mlangoni mwa pikapu yake akalitazama jangwa.

"Mjomba, ndiko huku? Mbona ni mawe tu?"

"Mawe mazuri, mwanangu. Hayana mbu."

Akacheka kicheko cha Loretta, kile kile. Nikashikwa na mafua ghafla, ikabidi niingie ndani nitafute leso.

Januari 8

Leo nimemtambulisha kwenye kikao cha saa kumi. Hapa jangwani kila jioni saa kumi mtu anabeba kiti chake na kinywaji chake, watu wanakaa nusu duara mbele ya trela la mwenyeji wa kikao. Mwenyeji ni mimi, tangu zamani. Viti vyote hunitazama mimi kama kanisani.

Nilisimulia joto la Yuma, mwaka ule kivuli changu kilipokataa kutoka nje. Marlee alicheka. Verna Tuttle hakucheka. Verna ni mjane wa miaka sabini na kitu, anaishi ndani ya gari lililokuwa la kusambazia mikate, na ulimi wake ungeweza kukata waya.

"Mwaka jana kivuli kilitoka kidogo," akasema. "Mwaka huu kimekataa kabisa. Mwakani kitakuwa kimefungua kesi."

Januari 15

Shati moja. Kama nilivyosema.

Januari 24

Limeingia basi. Si trela, basi, refu kama kanisa la Kibaptisti, limepakwa rangi ya kahawia na dhahabu. Limeegeshwa upande wa pili wa trela la Marlee bila kuniuliza. Akashuka mzee mrefu, fulana imepigwa pasi. Nani anapiga fulana pasi jangwani?

Jina lake Orrin Fenske, daktari wa meno mstaafu kutoka Minnesota. Kabla hata hajanyoosha miguu alisimamisha mlingoti juu ya paa, na kwenye ncha ya mlingoti kuna vikombe vitatu vinavyozunguka. Nilidhani anakausha vikombe vya kahawa. Kumbe ni chombo cha kupima upepo.

Nilimwonea huruma.

Januari 30

Daktari ameoka mkate, akagawa. Mkate wenyewe wa kawaida. Nimekula vipande vitatu ili niwe na hakika.

Februari 5

Jiko la gesi la Marlee lilikuwa linatoa moto wa manjano badala ya bluu tangu alipofika. Nilimwambia nitalitengeneza kesho, na nilikuwa nitalitengeneza, mtu hakimbilii gesi. Leo nimerudi kutoka mjini nikakuta miguu ya Daktari imechomoza nje ya mlango wa trela la Marlee, naye Marlee amemshikia tochi.

"Lilikuwa limeziba na utando wa buibui tu," Marlee akaniambia, ana furaha. "Dakika kumi, Mjomba."

"Mimi ningetumia tano," nikasema.

"Najua. Kesho."

Na hao wawili wakatazamana. Sikupenda walivyotazamana. Nilikaa ndani jioni nzima nikipika maharagwe yangu ya nyama na pilipili, yale yaliyomliza sherifu wa Tucumcari, nikampelekea Marlee bakuli. Alikuwa ameshashiba. Supu ya Minnesota, eti.

Februari 12

Viti vimeanza kugeuka. Wasiojua watasema ni jua linawapiga usoni. Mimi ninajua. Jana kiti cha Verna kilitazama katikati, kati yangu na basi. Leo kimetazama basi.

Februari 13

Upepo kidogo. Goti kimya. Vikombe vya mtu vilizunguka mchana kutwa kama mwendawazimu kwa ajili ya upepo ambao hata nywele haziujui.

Februari 19

Leo yametoka hadharani. Nilikuwa nawaeleza watu mpango wa mwaka: katikati ya Aprili tunang'oa nanga, siku nne barabarani, mpaka pwani ya Oregon. Ukungu asubuhi, shati moja mchana, sili, wale wanyama wanene wa baharini, wanalala juu ya miamba kama wajomba waliokula sana. Marlee anazalia huko. Nimempangia tangu Desemba.

Daktari akanyoosha kidole kama mtoto wa shule. Ile heshima yake ndiyo inayoniudhi zaidi.

"Samahani, Del. Nauliza tu. Kwa nini umburuze mjamzito siku nne, wakati milima iko Arizona hii hii? Unapanda tu. Kila ukipanda, joto linashuka. Show Low, mji wa mlimani, ni safari ya siku moja, kuna ziwa, kuna misonobari, na hospitali iko pale pale mjini."

"Daktari," nikasema, "hewa haitafutwi kwa kupanda. Anayepanda ni mbuzi."

Watu walicheka, nikaona nimeshinda. Kisha Marlee akauliza, taratibu, akiwa ameshika tumbo, "Hospitali iko umbali gani na ziwa?"

Hakuniuliza mimi.

Februari 20

Sikutoka.

Februari 21

Nilitoka. Hakuna aliyeuliza jana nilikuwa wapi isipokuwa Verna, aliyetaka kujua kama nimekufa, maana alikuwa ameazima koleo langu na alitaka kubaki nalo.

Machi 2

Marlee amejifunza kusoma vile vikombe. Anapita asubuhi na kikombe chake cha chai, anatazama juu, anasema "leo utulivu" kwa sauti ileile ya Daktari. Nilimfundisha kusoma mawingu akiwa na miaka sita, nimembeba mabegani nyuma ya nyumba ya Loretta, akayaita yote ng'ombe. Yule mzee alikuwa wapi wakati huo? Alikuwa anang'oa meno ya watu.

Machi 11

Mwandiko wa leo ni mbaya, lakini ni kwa sababu ya meza.

Jana kwenye kikao Daktari alisema upepo mkubwa unakuja leo, kila mtu akunje turubai lake. Wasioishi kwenye magurudumu huenda wasielewe. Turubai ndiyo baraza yetu. Linatoka ubavuni mwa trela kwa mikono miwili ya chuma, mtu anakaa chini yake anakuwa na kivuli, anakuwa mtu mwenye nyumba. Lakini upepo ukiingia chini yake linakuwa tanga, na tanga halikuulizi kama uko tayari. Kwa hiyo kila mwenye akili hulikunja kabla.

Nilisema hakuna upepo. Goti halijasema kitu. Nilisema hivyo nikimtazama Marlee. Daktari akasema, "Tafadhali, Del, safari hii tusibishane." Nikasema atakaye kuamini vikombe akunje, atakaye kumwamini mtu wa damu yake aache. Watu wakainuka wakaenda kukunja, mmoja mmoja. Marlee alibaki amesimama kati ya trela langu na lile basi. Alinitazama, akatazama mlingoti, akanitazama tena. Kisha akaenda ndani na turubai lake akaliacha lilivyo.

Nililala kama mfalme.

Alfajiri niliamka nikakunja la kwangu. Lilikuwa na vumbi na nilitaka kulifuta.

Upepo ulikuja kabla ya chakula cha mchana. Kwanza jangwa lote liliinuka likawa la njano, sikuiona hata pikapu yangu. Nikasikia mlio kama bati linapasuliwa, halafu sauti ya Marlee. Nilipofika turubai lake lilikuwa limepinduka juu ya paa, mkono mmoja wa chuma umeng'oka ubavuni mwa trela, unapiga huku na huku. Yeye alikuwa ametoka kulikunja. Alikuwa chini yake kabisa. Ule mkono ulipita, sijui, pengine umbali wa kiganja kimoja na kichwa chake, ukachimba mchanga karibu na mguu wake.

Daktari alikuwa ameshafika, amemvuta nyuma ya pikapu na kumfunika kwa mwili wake. Mzee wa miaka sabini na fulana ya pasi. Pembe ya turubai ikashuka mchangani, Verna akailalia kwa tumbo kama anayekamata nguruwe, akinifokea, "Shika huo upande, Del, usisimame kama mlingoti." Nikashika. Nilishika kwa nguvu zote, ngozi ya viganja imetoka. Hilo liandikwe pia.

Upepo ulipotulia Marlee alikaa chini mchangani, mikono yote miwili juu ya tumbo. Kisha akageuza shingo akalitazama trela langu.

"Mjomba. La kwako umelikunja."

"Lilikuwa na vumbi."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Lilikuwa na vumbi, mwanangu, nikataka kulifuta."

"Na ukapita mlangoni kwangu."

"Ulikuwa umelala."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Ningependa iwe hasira. Loretta alikuwa akikasirika anarusha sufuria, halafu yanaisha. Huyu aliinuka taratibu, Daktari akamshika kiwiko, wakaenda kwenye basi kumpima mapigo ya moyo. Daktari wa meno, kumbuka. Lakini nilisimama nje nikasubiri kusikia anasema nini, na aliposema mama na mtoto wako salama, nilienda nyuma ya trela nikakaa huko mpaka jua likazama.

Machi 12

Nimebandika kiraka cha bati kwenye ubavu wa trela lake alipokuwa mjini. Ni kazi nzuri. Hakusema ni nzuri wala si nzuri. Alisema asante.

Machi 14

Asante nyingine, ya kuazima chumvi.

Machi 20

Shati moja. Nani ana haja nalo.

Aprili 3

Marlee alikuja leo na kiti chake, akakaa mbele ya trela langu peke yake, kabla ya saa kumi. Moyo ulinipanda. Nikaenda kutafuta limau la kumkamulia kinywaji.

"Mjomba, nimeamua. Naenda Show Low na Daktari na Verna. Tarehe kumi na sita."

"Verna naye?"

"Verna anasema amechoka na sili wako. Anasema amewasikia mpaka anawajua kwa majina." Akatabasamu kidogo. "Njoo nasi."

"Hewa ya huko siijui."

"Huijui, au hutaki kuwa gari la nyuma?"

Nikamwambia nimewahi kuongoza msafara wa matrela mia mbili kuvuka Nevada nikiwa nimefunga macho. Akasema, "Najua, Mjomba. Umenisimulia." Akaniambia kitu kingine, nakiandika hapa ili nisije nikakibadilisha: alisema hakukasirika kwamba nilikosea kuhusu upepo. Kila mtu hukosea upepo. Alisema alitaka tu nimgongee mlango.

Limau sikulikata. Liko hapa mezani.

Aprili 16

Wameondoka asubuhi. Basi mbele, mkebe wa biskuti katikati, gari la mikate nyuma. Daktari alishuka kunipa mkono, akasema kuna nafasi imebaki kando ya ziwa. Nilimwambia pwani ya Oregon inanisubiri. Marlee alinikumbatia, tumbo limekuwa kubwa, mtoto akanipiga teke la mbavu. Ana nguvu. Ni upande wetu.

Verna alishusha kioo. "Koleo lako ninalo. Ukilitaka unajua lilipo."

Aprili 19

Jangwa limebaki na mimi na Wakanada wawili ambao injini yao imekufa.

Aprili 23

Joto. Kikao cha saa kumi: mimi.

Aprili 26

Joto. Niliwasimulia Wakanada kuhusu barabara ya Amarillo. Wakauliza kama kuna fundi huko.

Aprili 30

Mwenye duka la vipuri ananiuliza kwa nini bado nipo. Nimemwambia nasimamia mwisho wa msimu. Wakanada wametengeneza injini, wamekwenda. Kesho naondoka kwenda Oregon.

Mei 2, pwani ya Oregon

Nimefika. Bahari kubwa. Ukungu.

Mei 3, pwani ya Oregon

Sili wako pale pale. Nimekula kuku wa kuokwa, mzima.

Mei 4, pwani ya Oregon

Ukungu, sili, kuku.

Mei 5, pwani ya Oregon

Nimeona ya kuona. Hewa ya huku ni nzuri, lakini imezidi chumvi kwa mtoto mchanga. Ni wajibu wangu kwenda kumkagulia ile ya mlimani kabla mambo hayajaharibika.

Mei 6, ziwani, Show Low

Nimeingia mchana. Nilipiga honi mara moja tu, ya heshima. Marlee alikuwa amekaa chini ya misonobari, miguu ndani ya beseni la maji, shati moja. Alipoliona trela langu alisimama, na kusimama kwake sasa ni kazi, akaja mpaka barabarani peku na miguu inachuruzika.

"Mjomba. Oregon imekuwaje?"

"Nimeikagua. Nimekuja kulinganisha."

Verna alitokea na koleo langu mkononi, anafukia moto. "Mwenyewe ulisema ni siku nne kwenda. Kurudi nako ni nne. Wewe umeondoka lini?"

"Upepo ulikuwa nyuma yangu."

"Ungekuwepo upepo huo, Del, tungekusikia ukipita juu."

Daktari akanisaidia kusawazisha trela. Ardhi ya ziwani ina mteremko, lazima uweke mbao chini ya magurudumu ya upande mmoja, na macho yake ni mazuri kwa kazi hiyo, nitasema hivyo. Tulipoinama wote wawili, Marlee yuko mbali, akasema kwa sauti ya chini, "Mgongo hauumi? Kujikunja vile, kwa umri wetu." Nikagonga ubao uingie chini ya gurudumu. Hakusema tena, wala jioni kwenye moto hakusema, ingawa Verna alimpa nafasi tatu. Namchukia kwa hilo kuliko kwa vikombe vyote. Mtu akuzidi hewa, akuzidi mkate, halafu akuzidi na kunyamaza.

Jioni nilisimulia sili. Walicheka. Marlee alicheka mpaka akashika ubavu. Wengine walipoinuka kwenda kulala alisogea karibu.

"Siku ikifika, nani atanipeleka hospitali?"

Nikakaza shingo. Nikasema Daktari ana basi zuri.

"Basi lile haliwezi kupinda kona ya pale dukani. Na Daktari anaendesha kama anasindikiza jeneza. Nataka wewe, Mjomba. Lakini nikikugongea mlango, iwe saa yoyote, uamke. Na ukijua kitu, mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. Sitaki hadithi siku hiyo."

Nikasema sawa. Nikasema hivyo tu, sawa, bila kuongeza chochote, na sikumbuki mara ya mwisho nilipofanya hivyo.

Hewa hapa ni ya shati moja mchana. Usiku mablanketi mawili. Daktari alikosea kuhusu usiku, kidogo.

Na kwa kuwa nimeahidi, na Marlee yuko ndani amelala, nianze kwa kuiambia karatasi ukweli. Oregon sikufika. Nilikuwa hapa hapa Show Low, siku zote hizo, kwenye maegesho ya duka kubwa, nyuma ya lori la majani ya ng'ombe, nikila kuku wa dukani na kungoja mmoja wao aje kununua maziwa anione, aniulize nafanya nini pale, anilazimishe kuja. Siku ya tatu alikuja mtu. Alikuwa Daktari, na mimi nikajilaza chini ya usukani, magoti kidevuni, mpaka alipoondoka.